Zulia la kuruka na msimulizi aliyenyimwa jina

Muulize mtoto yeyote zulia la kuruka ni la nani, atakujibu bila kusita kwamba ni la Aladini. Mzazi wake ataongeza kwamba limetoka katika Alfu Lela Ulela, hadithi kongwe za Waarabu. Majibu yote mawili yana kasoro. Kisa cha Aladini kilipochapishwa mara ya kwanza hakikuwa na zulia hata moja lenye uwezo wa kuruka. Jini ndiye aliyelibeba kasri zima, na bintimfalme akiwa ndani, akalihamishia Afrika. Kisa chenye zulia nacho hakimo katika hati za kale za Alfu Lela Ulela. Kilisimuliwa mwaka 1709, mjini Paris, kwa kinywa cha kijana Msyria ambaye kitabu hakikumtaja.

Wazo la kusafiri angani juu ya busati ni la zamani zaidi ya kijana huyo. Qurani inaeleza kwamba Nabii Suleiman alitiishiwa upepo, ukienda mwendo wa mwezi mmoja asubuhi na mwendo wa mwezi mmoja jioni. Busati halitajwi humo. Lilikuja na wafasiri na wasimulizi waliotaka kujua mfalme huyo alikaa juu ya nini. Hassan al-Basri amepokewa akisema kwamba Suleiman aliondoka Damascus asubuhi, akala chakula cha mchana Istakhr huko Uajemi, na usiku ukamkuta Kabul. Al-Thaʿlabi, mwanachuoni wa Nishapur aliyefariki mwaka 1035, alisimulia katika kitabu chake cha visa vya mitume kwamba mashetani walimfumia Suleiman busati la dhahabu na hariri, lenye upana wa farasakhi moja na urefu wa farasakhi moja, yaani kilomita 5 au 6 kila upande. Simulizi za Kiyahudi zinalo pia, nazo zinaongeza onyo: siku moja mfalme alijivuna, upepo ukalitikisa busati na watu 40,000 wakaporomoka.

Chombo hicho kilibeba dola nzima, pamoja na jeshi, viti vya enzi na majini, huku ndege wakitandaza mbawa kumkinga mfalme na jua. Kwetu pwani usafiri wa angani wa kimazingaumbwe tunaousikia tangu utotoni ni ungo, tena wa wachawi, wa usiku wa manane na wa kutendea watu maovu. Busati la Suleiman lilipaa mchana kweupe, na mwenye nalo hakuwa na la kuficha.

Zulia linalojulikana leo duniani kote ni jingine kabisa. Ni dogo, na limenunuliwa sokoni.

Mwanzoni mwa karne ya 18, Mfaransa Antoine Galland alikuwa akitafsiri Alfu Lela Ulela kutoka hati ya Kiarabu iliyotoka Syria. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1704 na wasomaji wakaipapia. Tatizo likawa kwamba hati yake haikufika hata usiku wa 300, na watu walitaka zaidi. Mwaka 1709, kwa msafiri mmoja aliyeitwa Paul Lucas, Galland akakutana na Hanna Diyab, Mkristo wa Kimaroni kutoka Aleppo, kijana wa miaka ishirini na kitu. Lucas alimchukua njiani kama mkalimani na kumwahidi kazi katika maktaba ya mfalme. Walipofika Versailles, Hanna alisimama mbele ya Mfalme Louis wa 14 akiwa amevaa mavazi ya kwao na kushika kizimba chenye panya wa jangwani, wale warukao kwa miguu ya nyuma. Kazi aliyoahidiwa hakuipata.

Alichokuwa nacho ni hadithi. Mei na Juni mwaka huo alimsimulia Galland visa 16, na Galland akawa anaandika muhtasari wake katika shajara. Miongoni mwake kilikuwamo cha Aladini na cha Ali Baba. Kilikuwamo pia kisa cha ndugu watatu, wana wa sultani wa India, wanaomgombania binamu yao Nurunnihari. Sultani anawaambia waende nchi za mbali, na atakayerudi na kitu cha ajabu kuliko vyote ndiye atakayemwoa.

Mkubwa, Husaini, anafika Bisnagar, mji ambao ni Vijayanagara ya kusini mwa India. Ameketi dukani mwa mfanyabiashara mmoja, mara dalali anapita na zulia mkononi akilinadi kwa mifuko 30 ya fedha. Husaini analitazama na kushangaa, maana ni zulia la futi 6 hivi kwa 6, halina urembo wa kutisha wala ufumaji wa pekee. Dalali anamweleza siri yake: anayelikalia hufika papo hapo anapotaka. Husaini hanunui kwa maneno matupu. Wanalitandika nyuma ya duka, wanakaa wote wawili, ananuia chumba chake katika nyumba ya wageni, na tayari wako humo. Ndipo anapohesabu fedha.

Mtaona kwamba zulia hilo halipepei mawinguni. Linakufikisha tu, bila kizuizi njiani. Ndugu wengine nao wamepata vyao: Ali ana bomba la pembe la kuonea mbali, Ahmedi ana tofaa linaloponya. Wanapokutana, wanatazama katika bomba na kumwona Nurunnihari anakata roho. Zulia linawafikisha, tofaa linamponya. Kama kimoja kingekosekana angekufa, na kwa hiyo sultani anashindwa kuamua. Kwangu mimi hapo ndipo ustadi wa Hanna ulipo, kwa kuwa uchawi wa kila ndugu hauna faida bila wa mwenzake.

Kisa kilitoka katika juzuu za mwisho za mwaka 1717, miaka miwili baada ya kifo cha Galland. Hanna alikuwa amekwisha rudi Aleppo, akawa mfanyabiashara wa vitambaa.

Zulia likaendelea bila yeye. Mwaka 1880 mchoraji Mrusi Viktor Vasnetsov alilichora likipaa juu ya mto, na mwana wa mfalme amesimama juu yake. Picha hiyo iliagizwa na tajiri Savva Mamontov kwa ajili ya ofisi za reli ya Donetsk, ili watu wa reli waone ndoto ya kale ya mwendo wa kasi, lakini bodi ikaikataa. Mwaka 1924 Douglas Fairbanks alipaa juu ya Baghdad ya Hollywood katika sinema ya *The Thief of Bagdad*, zulia likining'inia kwa nyaya kutoka kwenye kreni. Mwaka 1992 Disney ikampa Aladini zulia ambalo hakuwa nalo, na tangu hapo limebaki lake.

Hata wanafizikia wamelijaribu. Mwaka 2007 L. Mahadevan wa Harvard na wenzake walipiga hesabu kwamba karatasi nyembamba ikitetemeshwa kwa mawimbi karibu na ardhi inaweza kuelea, kwa kuwa hewa husukumwa chini yake. Mwaka 2011, Princeton, Noah Jafferis alionyesha kipande cha plastiki cha sentimita 10 kikijisogeza kwa namna hiyo, sentimita moja kwa sekunde.

Hanna alipokuwa mzee, miaka ya 1760, aliandika safari zake kwa Kiarabu. Hati hiyo imo katika Maktaba ya Vatikani. Kurasa za mwanzo zimepotea, na mwandishi wake alitambuliwa mwaka 1993. Kuhusu Galland anasema machache tu: mzee mmoja alikuwa akitafsiri kitabu, visa vikampungukia, naye akamsimulia alivyovijua.

Aladini na Ali Baba wamesomwa kwa Kiswahili kwa vizazi kadhaa, mara nyingi bila jina lolote la msimulizi. Wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar watakapovitoa tena visa hivi, pamoja na kile cha zulia, waandike kwenye jalada: vimesimuliwa na Hanna Diyab wa Aleppo.