Ubora na Udhaifu wa Samsung Galaxy A05 kwa Mtu Anayetunza Hela Kwenye Simu

Kwa bodaboda wa Mbagala Rangi Tatu au mama mwenye genge Tandale, simu ni pochi. Mteja analipia humo, kikoba kinalipwa humo, hata ada ya mtoto inatoka humo humo. Samsung Galaxy A05, simu ya bei nafuu iliyoingia sokoni Oktoba 2023, inafaa kupimwa kwa jicho hilo: inakaa na chaji kiasi gani, na hela za mwenyewe ziko salama kiasi gani?

Ubora wake

Betri ni ya mAh 5000. Kwa mtu wa kupiga simu, WhatsApp na miamala, inamaliza siku hata umeme ukikatika. Inapokea chaji ya wati 25, wakati simu nyingi za kundi hili zinaishia wati 10 au 15.

Prosesa ni Helio G85. Sio mpya, ila ina core mbili zenye nguvu za Cortex-A75, ambazo simu nyingi za bei ya chini hazina. Programu za benki na ramani zinafunguka bila kusuasua sana, hasa kwenye toleo la RAM ya GB 6. Lile la GB 4 linataka usifungue vitu vingi kwa mpigo.

Ina nafasi ya laini mbili pamoja na memori kadi. Mwenye laini ya miamala na laini ya bando halazimiki kuacha moja ili aweke kadi.

Ubora mkubwa zaidi ni masasisho. Simu ilitoka na Android 13, na Samsung iliahidi matoleo mawili mapya ya Android na miaka minne ya masasisho ya usalama. Haya ndiyo yanayoziba mianya wanayopitia wezi wa mtandaoni. Ila miaka inahesabiwa tangu simu ilipotoka, sio tangu ulipoinunua. Kwa hiyo inaishia 2027.

Udhaifu wake

Haina sehemu ya alama ya kidole. Unabaki na namba ya siri, mchoro au uso. Kufungua kwa uso ni rahisi, lakini kwenye simu za aina hii usalama wake ni mdogo kuliko namba ya siri. Mchoro nao, aliyesimama nyuma yako kwenye daladala anauona na kuukariri.

Kioo ni kikubwa, inchi 6.7, lakini ni LCD ya pikseli 720 kwa 1600. Maandishi madogo hayakolei kama kwenye kioo cha Full HD.

Kamera ya MP 50 inapiga vizuri mchana. Usiku picha zinapungua ubora. Kamera ya pili ni ya MP 2, na kazi yake ni kusaidia kufifisha mandhari ya nyuma tu.

Haina 5G, na haina kinga rasmi ya maji. Msimu wa mvua, mwenye bodaboda aiweke kwenye mfuko wa nailoni.

Kabla ya kulipa

Iwe Kariakoo au duka la mtaani Tegeta, bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI na ile ya kwenye boksi. Kisha itume kwa meseji kwenda 15090 uone ni simu ya aina gani. Usione ni usumbufu: Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia, na waliokuwa nazo wakabaki bila mawasiliano.

Toka nayo nje ujaribu kioo juani. Uliza pia kama chaja imo ndani ya boksi. Kama haimo, jumlisha bei yake kwanza ndipo useme simu ni nafuu.

Ukishainunua, weka namba ya siri ya tarakimu sita, halafu weka PIN kwenye laini yenyewe. Kibaka akichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, PIN ndiyo itakayomzuia. Simu ikiibwa, cha kwanza ni kupiga kwa mtandao wako wafunge laini.

Neno la mwisho

Anayetaka chaji ya kudumu na simu isiyochoka mapema, A05 inamfaa. Anayeshika hela nyingi za biashara aongeze kidogo achukue A05s, yenye alama ya kidole pembeni na kioo cha Full HD.