Pipi ya Figili, Mtihani na Mazingaombwe

Desemba 1964, watoto wa darasa la sita jijini Seoul walifanya mtihani wa kuingia shule ya kati. Swali moja lilihusu yeot, ile pipi ya kunata inayopikwa kwa nafaka. Ukikosa kimea, utumie nini badala yake? Jibu lililotakiwa lilikuwa diastasi, yaani kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Shida ni kwamba kati ya majibu ya kuchagua kulikuwa pia na maji ya figili, na figili ina kimeng'enya hicho hicho.

Waliochagua figili wakanyimwa alama. Ilikuwa alama moja tu, lakini kwa shule kama Kyunggi, iliyokuwa kilele cha shule za wavulana, alama moja ilitosha kukufungia nje. Wazazi hawakunyamaza. Waliingia jikoni, wakapika yeot kwa maji ya figili, wakaibeba mpaka kwa wakubwa wa elimu. Haya, onjeni wenyewe. Kesi ikafika kortini, na mwaka wa 1965 wazazi wakashinda. Watoto 38 waliokuwa wameachwa nje wakaingizwa shuleni.

Ukisikia hadithi hii mara ya kwanza utacheka. Mimi nilicheka. Kisha fikiria mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye maisha yake yamening'inia kwenye figili, na kicheko kinaisha.

Nilianza kufuatilia historia hii kwa sababu ya tamthilia moja ya Korea ambayo Netflix iliitoa Mei 2022, The Sound of Magic. Ni vipindi sita tu, unamaliza wikendi moja. Msingi wake ni katuni ya mtandaoni ya Ha Il-kwon, Annarasumanara, iliyotoka kati ya 2010 na 2011. Jina hilo ni neno la mazingaombwe, kama "abrakadabra". Yoon Ah-yi ni msichana wa sekondari, maskini, anaishi na mdogo wake. Mama aliondoka, baba anakimbia wadai. Mwenzake darasani ni Na Il-deung, mtoto wa wenye uwezo. Halafu kuna Ri-eul, mwanamazingaombwe anayeishi kwenye bustani ya michezo iliyotelekezwa, ambaye kila anayekutana naye humuuliza kama anaamini mazingaombwe.

Sasa angalia majina. Il-deung kwa Kikorea ni "namba moja". Ah-yi linasikika sawa na neno "mtoto". Yaani mwandishi hata hakuficha: mmoja amepewa cheo kabla hajajua kutembea, na mwingine anatafuta tu nafasi ya kuwa mtoto. Il-deung anafananishwa na mtu aliyewekwa kwenye barabara ya lami. Lami ni safi, imenyooka, na haina maua. Amesukumwa atembee humo mpaka mwisho, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda huko inakoelekea.

Barabara hiyo ni ya zamani sana. Mwaka wa 958, Mfalme Gwangjong wa Goryeo alianzisha gwageo, mtihani wa kuchagua maofisa wa serikali, kwa kufuata mfano wa Uchina. Nia yake haikuwa ya huruma. Alitaka kuwapunguza nguvu mabwana wakubwa waliorithishana vyeo. Mtihani ukadumu zaidi ya miaka 900, hadi ulipofutwa mwaka wa 1894. Chini ya utawala wa Joseon, mtihani mkuu wa kawaida ulifanyika kila miaka mitatu, na waliofaulu hatua ya mwisho walikuwa 33. Thelathini na tatu, kwa nchi nzima! Wanawake hawakuruhusiwa. Watumwa hawakuruhusiwa. Hata watoto wa wake wadogo walizuiwa mtihani huo wa kiraia. Hata hivyo wazo lilishika mizizi: kwamba karatasi na wino vinaweza kumwinua mtu na ukoo wake wote.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka wale wazazi wa figili. Walikuwa wametoka kwenye ukoloni wa Japani ulioisha 1945, kisha vita vya 1950 hadi 1953 vilivyoacha miji ikiwa majivu. Ukiwa umepoteza nyumba na mali, unamrithisha mtoto nini? Shule. Hapa kwetu tuliimbiwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Hakuna aliyetaja idadi ya kufuli.

Serikali ya Korea ilijaribu kuzipunguza. Mwaka wa 1968 ikatangaza kuufuta mtihani wa kuingia shule ya kati, na Seoul ikaanza mwaka uliofuata. Watoto wa msingi wakapumua, na presha ikahamia kwenye mlango wa shule ya upili. Mwaka wa 1974, kuanzia Seoul na Busan, wanafunzi wakaanza kugawiwa shule za upili bila kila shule kuwa na mtihani wake. Presha ikahamia chuo kikuu. Mwaka wa 1980, utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ukapiga marufuku tuisheni. Wenye pesa wakaendelea kuwalipa walimu kisirisiri, na mwaka wa 2000 Mahakama ya Katiba ikasema marufuku ile ilivunja katiba. Siku hizi hagwon, yaani vituo vya tuisheni, viko kila kona. Jijini Seoul sheria inavitaka vifunge saa nne usiku. Fikiria nchi inayohitaji sheria ya kuwaambia watoto waende kulala.

Mtihani wenyewe sasa unaitwa Suneung, ulianza 1993. Siku hiyo ofisi nyingi hufungua kwa kuchelewa ili barabara ziwe wazi. Polisi huwabeba wanafunzi waliochelewa. Wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza, ndege haziruki wala kutua kwa zaidi ya nusu saa. Na bado watahiniwa hupewa yeot, kwa sababu kitu kinachonata kitamfanya mtu "anate" kwenye chuo anachokitaka. Supu ya mwani hawapewi, maana inateleza.

Sisi tunaijua hiyo hali vizuri, au siyo? Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo. Mwaka wa 2014 serikali ikaacha kupanga shule kwa nafasi, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa 2023. Kila mara tulishangilia, na kila mara foleni ilisogea tu hadi dirisha lililofuata.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipogoma kupatikana. Kilichoniumiza zaidi ni jinsi watu wa ukoo walivyoanza kunizungumzia kwa wakati uliopita. "Alikuwa mwerevu huyo." Alikuwa, na mimi nimeketi hapo hapo, nakunywa chai.

Kwa hivyo nilipofika pale tamthilia inapofichua Ri-eul alikotoka, nilisimamisha video. Yule jamaa wa ajabu, ambaye mtaa mzima unamwogopa, alikuwa mwanafunzi bora. Alibebeshwa matumaini ya watu mpaka akavunjika. Si mzimu wala malaika. Ni zao la darasa lile lile, ila baada ya kuanguka hakuna aliyekuwa na neno la kumwita isipokuwa kichaa.

Kuna watakaosema tamthilia hii inakwepa: inaleta nyimbo na vipepeo mahali palipohitaji sera. Nakubali kwamba mazingaombwe hayalipi kodi ya Ah-yi. Kuna mahali Il-deung anampa pesa ili amwachie namba moja ya hesabu, na hapo unaona wazi kwamba njaa ndiyo inayopanga alama. Lakini historia inaonyesha sera zilijaribiwa, moja baada ya nyingine, kuanzia 1968. Zilibadilisha mahali pa mlango. Swali la anayebaki nje anakuwa nani, hakuna sera iliyoligusa.

Tamthilia inaligusa. Inamchukua aliyefeli inampa jukwaa, kisha inamuuliza mtazamaji kama anaweza kumtazama bila kumpa gredi. Wale watoto 38 walipata haki yao, na nimefurahi. Ila mwaka ule kulikuwa na maelfu waliokosa kwa maswali mengine ya kawaida kabisa, na hao hakuna aliyewapikia pipi. Walikua, wakazaa, wakawapeleka watoto wao tuisheni.