Jinsi Baiskeli Kuukuu Zilivyogeuzwa Vyombo vya Bustani

Wengi wetu tumeona mashine iliyoletwa kutoka mbali ikifanya kazi msimu mmoja, kisha ikasimama kwa kukosa kipande kimoja tu. Na nyuma ya nyumba iyo hiyo twaona baiskeli iliyovunjika ikiliwa na kutu. Habari hizi zaonyesha jinsi watu wengine walivyotwaa hiyo ya pili ili wasiingoje ile ya kwanza.

Baiskeli haikuzuliwa na mtu mmoja. Mwaka 1817 Karl von Drais, Mjerumani, alifanya chombo cha mti chenye magurudumu mawili. Mpandaji alijisukuma kwa kukanyaga ardhi. Pedali zilitokea Ufaransa katika miaka ya 1860. Mwaka 1880 Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, alipata hataza ya mnyororo imara wenye vigurudumu vidogo. Hata mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ambayo mnyororo wake wazungusha gurudumu la nyuma, nalo ndilo umbo tulijualo. Basi mnyororo huo hauchagui kazi: waweza kuzungusha gurudumu njiani, au kinu uani.

Jambo hili lilifahamiwa vema Guatemala, katika Amerika ya Kati. Mwaka 1997, katika mji wa San Andrés Itzapa, ilianzishwa karakana iitwayo Maya Pedal, kwa msaada wa watu wa Kanada. Waliletewa baiskeli kuukuu kutoka Kanada na Marekani. Zilizofaa zilitengenezwa, zilizobaki zilikatwa na kuungwa upya, zikawa mashine za kupukuchua mahindi, za kusaga, na za kuvuta maji.

Pampu yao ni rahisi kufahamu. Kamba ndefu iliyofungwa ncha zake pamoja hutiwa visahani vya mpira, kimoja mbali kidogo na mwenziwe. Hupita juu ya gurudumu, hushuka kisimani, kisha hupanda ndani ya bomba. Mtu akikanyaga pedali, kila kisahani huinua maji yaliyo juu yake, hata yakamwagika bustanini.

Huko India, mkulima Gopal Malhari Bhise wa wilaya ya Jalgaon hakuwa na fedha za kununua ng'ombe wa kulimia. Akatwaa gurudumu moja la baiskeli pamoja na usukani, akafunga ubapa wa chuma nyuma yake. Kwa chombo hicho mtu husukuma na kupalilia kati ya mistari pasipo kuinama.

Lakini tusidanganyike. Mtu mwenye afya akikanyaga kwa muda mrefu hutoa kama sehemu ya kumi ya nguvu ya farasi mmoja. Hiyo yatosha kupukuchua na kuvuta maji. Kulima ardhi ngumu haitoshi. Tena yapasa mnyororo na meno yake vifunikwe, ili vidole vya watoto visikatwe.

Faida yake kubwa ni hii: chombo hiki kikivunjika, fundi wa baiskeli wa kijijini aweza kukitengeneza siku ile ile. Kwa hiyo, ninyi walimu, kabla baiskeli mbovu ya shule haijauzwa kwa ratili, wapeni wanafunzi waifungue na kuhesabu yaliyo mazima.