Pori Lisilo Mwenyewe: Malisho na Sheria Kilwa na Lindi

Makundi makubwa ya ng'ombe ni wageni wa juzi Kilwa. Kwa vizazi vingi mbung'o walitawala mapori ya mito ya Matandu na Mbwemkuru, na mwenyeji alitegemea muhogo, korosho, mbuzi wachache na bahari. Kisha, mwaka 2006 na 2007, serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, kwa hoja ya kunusuru maji ya Ruaha Mkuu yanayozungusha mitambo ya Mtera na Kidatu. Wasukuma, Wabarabaig na Waparakuyo wakaelekezwa kusini, Kilwa na Lindi. Walipofika walikuta maeneo mengi hayana lambo wala josho. Walikuta pia wenye vijiji, wakiuliza ni nani aliyesema pori lao liko wazi.

Jibu la swali hilo lina umri wa zaidi ya karne. Amri ya Kijerumani ya Novemba 26, 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Aliyedai vinginevyo, awe mtu, jumbe au jamii, alete ushahidi. Mmatumbi au Mmwera aliyelima konde, likachoka, akalilaza lirudie msitu na kuhamia jingine, angeleta ushahidi gani? Machoni pa mpimaji ardhi, konde lililolazwa halikuwa na tofauti na msitu mtupu. Mkonge ukapata nafasi kandokando ya mji wa Lindi, na pamba ya kulazimishwa ikawasha Vita vya Maji Maji huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, mwaka 1905.

Waingereza waliowafuata Wajerumani hawakuwa na kisingizio cha kutojua haki ya pamoja ni nini. Kwao, mwaka 1866, Lord Brownlow alipozungushia uzio wa chuma malisho ya pamoja ya Berkhamsted, jirani yake Augustus Smith alikodi vibarua kutoka London waliokuja kwa treni na kuung'oa usiku. Katika kesi iliyofuata, wenye haki ya malisho walishinda. Huku Tanganyika, Sheria ya Ardhi ya 1923 iliiita ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, ardhi ya umma chini ya gavana. Mwaka 1928 ndipo umiliki wa kimila ulipotajwa waziwazi katika sheria hiyo, nao ukabaki dhaifu mbele ya mwenye hati.

Udhaifu huo ulionekana vizuri zaidi mbali na pwani, Hanang, ambako shirika la umma la NAFCO lilitwaa malisho ya Wabarabaig kwa ajili ya ngano. Kijiji cha Mulbadaw na wadai wengine 67 wakashtaki. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kilipewa ardhi hiyo, na kwamba wadai wengine hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kisheria. Mtu aliyezaliwa na kuchunga hapo atakiwe kuthibitisha uenyeji wake!

Sheria mbili za 1999 zilikusudiwa kumaliza utata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatambua ardhi ya pamoja, na hata inaruhusu vijiji jirani kukubaliana kutumia eneo moja. Lakini dada yake, Sheria ya Ardhi, inaingiza ndani ya ardhi ya jumla hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Mashaka ni yale yale ya mwaka 1895: nani anapima kutumika?

Kilwa ilipata kuyaonja mashaka hayo. Katika miaka ile ile ng'ombe walipoletwa, kampuni ya Kiholanzi BioShape ilifika kutafuta ardhi ya mibono kaburi. Takriban hekta 34,000 za Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti zikahusishwa, na sehemu kubwa ya fidia ikabaki halmashauri. Miti ilipandwa kwenye kipande kidogo tu. Mwaka 2010 kampuni ilikuwa imefilisika. Ardhi iliyokwisha kuhamishwa kutoka mikononi mwa kijiji hairudi yenyewe mwekezaji akiondoka.

Kwa mfugaji, mkwamo ni wa namna nyingine. Akitaka kukaa, anahitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, ingawa aliyemleta ni serikali. Mei na Juni, ufuta unapokatwa na kusimamishwa mafungu ukauke, kundi moja likipita usiku linatosha kumaliza msimu wa familia. Mlalamikaji huanzia kwa baraza la ardhi la kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha, si kuhukumu. Huko hujadiliwa magunia ya ufuta na bei yake. Swali la nani aliligawa pori hubaki nje ya mlango, kwa kuwa aliyeligawa hayumo miongoni mwa walioitwa.