KUTOKA UBAO WA CHUONI HADI CHUO KIKUU: WAZEE WETU WALIJENGA WAPI, NA SISI TUMEACHA WAPI?



Ndugu msomaji, kila ikifika Ramadhan twakumbushana kwamba huu ndio mwezi ulioteremshwa Qur'an, na kwamba neno la kwanza alilopokea Mtume wetu (SAW) lilikuwa ni amri ya kusoma. Twalisema mimbarini, twalisema kwenye darsa za alasiri, kisha twaenda kufuturu. Lakini tukiulizwa, je, watoto wetu wanasoma vipi, wengi wetu twanyamaza ama twaanza kulaumu serikali. Leo tusimlaumu mtu. Tufungue kurasa za historia yetu wenyewe hapa pwani tuone wazee walifanya nini, kwa sababu waliotutangulia hawakukaa kitako wakalia.

CHUONI

Kabla ya shule za serikali kufika, mtoto wa pwani alianza masomo chuoni. Alikalishwa juu ya jamvi akapewa ubao, akafundishwa herufi moja moja, kisha kuziunganisha, kisha juzuu, mpaka akahitimu. Tusiudharau mfumo huo. Ndio uliofanya watu wa Lamu, Mombasa na Pate waandike barua, hesabu za biashara na tenzi kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya mkoloni. Jamii ilijisomesha yenyewe bila ya kungoja mtu.

Lakini tusidanganyane pia. Chuo kilikuwa na kasoro zake, na nyingine tunazo mpaka leo. Mimi mwenyewe nilisoma katika chuo kimoja mtaani, maalim mmoja na watoto hamsini na kitu, wakubwa kwa wadogo, chumba kimoja. Tulipiga kelele sote pamoja, na aliyekosea alionja mkwaju. Nilihifadhi sura nyingi, Alhamdulillahi, lakini miaka ikapita sijui hata moja ina maana gani. Mwenzangu mmoja alikimbia kwa sababu ya fimbo na hakurudi tena. Yule hakukosa akili, alikosa mtu wa kumfundisha kwa upole.

Ukisema maneno haya, mtu atakwambia: hayo ya kufundisha bila fimbo ni mambo ya Kizungu. Hivi ni kweli? Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka wa 1332, aliandika katika Muqaddima yake, mwaka wa 1377, kwamba ukali wa kupita kiasi unamharibu mwanafunzi, hasa mtoto mdogo. Alieleza kuwa unamvunja moyo, unamfundisha uvivu, uwongo na hila. Akasema pia kwamba elimu ifundishwe kidogo kidogo, kwa kurudia hatua kwa hatua, kulingana na uwezo wa mwanafunzi. Akawalinganisha watu wa Maghrib, waliowafundisha watoto kuhifadhi Qur'an tu, na watu wa Andalus, waliochanganya na lugha, mashairi na uandishi, akapima faida na hasara za kila upande. Huyo alikuwa kadhi wa Kiislamu, si Mzungu. Basi kutafuta njia bora ya kufundisha ni mirathi yetu tulioisahau.

HABIB SWALEH AFUNGUA MLANGO

Tuje Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 elimu ya juu ya dini ilikuwa mikononi mwa nyumba chache zenye jina. Mtumwa, mtoto wa mtumwa na mgeni maskini hawakuwa na nafasi kwenye darsa. Ndipo alipokuja Habib Swaleh bin Alawi Jamalilail kutoka Ngazija. Yeye mwenyewe alikuwa sharifu, angeweza kukaa na wakubwa akaheshimiwa. Badala yake alikaa upande wa Langoni akawafundisha wale wale waliofungiwa mlango. Wakubwa wa mji walimlaumu, yeye akaendelea. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukasimama msikiti wa Riyadha, na kabla ya kufa kwake wanafunzi wake walikuwa wametawanyika pwani nzima, na wao wakifundisha.

Hapa pana funzo. Habib hakuanza na jengo. Alianza na mwalimu aliyekubali kukaa chini na mtoto asiyetakiwa na wengine. Jengo lilikuja baadaye.

SHEIKH AL-AMIN NA KALAMU

Mwaka wa 1912 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Waarabu hapa Mombasa. Wazazi wengi walisita, wakihofu kwamba mtoto akienda huko atapoteza dini. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, kwa kuwa shule nyingi za wakati huo zilikuwa za wamishonari. Lakini matokeo yake ni kwamba wakati wenzetu walipokuwa wakisoma, wetu walikuwa nyumbani.

Aliyelisema wazi jambo hili ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka wa 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947. Mwaka wa 1930 alitoa karatasi yake iitwayo Sahifa, na mwaka wa 1932 akatoa Al-Islah. Humo aliwazindua Waislamu kwamba elimu ya dunia haipingani na dini, na kwamba ujinga ndio unaotudhalilisha. Alisisitiza mtoto wa kike naye asome. Wakati huo huo aliwakemea waliodhani kuendelea ni kuiga mavazi na tabia za Wazungu. Na aliandika kwa Kiswahili, ili mama aliyeko jikoni na mvuvi aliyeko pwani waelewe. Kumfundisha mtu kwa lugha anayoielewa nalo ni katika kuboresha elimu.

JENGO KUBWA LA TUDOR

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kukaja mpango mkubwa zaidi. Mwaka wa 1948 ilianzishwa taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa jina la MIOME. Walichangia Sultani wa Zanzibar, Aga Khan wa wakati huo, jamii ya Mabohora, na serikali ya Uingereza. Likasimama jengo la fahari pale Tudor, na mwaka wa 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia kujifunza ufundi wa mitambo, umeme, useremala na ubaharia.

Fikra ilikuwa nzuri, wallahi. Lakini jiulize: wanafunzi wa chuo hicho walitakiwa watoke wapi? Kijana wa ufundi ahitaji hesabu, ahitaji Kiingereza, ahitaji shule ya msingi iliyo imara. Huko vijijini Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River, shule zilikuwa chache na Waislamu waliomaliza wachache zaidi. Ilikuwa kama kuezeka dari kabla ya kuta kusimama. Baada ya uhuru chuo kilifunguliwa kwa wote bila kujali dini, na mwaka wa 1966 kikabadilishwa jina. Mwaka wa 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Si vibaya kwamba Wakenya wote wasoma pale, ni jambo la kheri. La kusikitisha ni kijana anayezaliwa hatua chache kutoka kwenye lango lile, akalipita kila siku kwa tuktuk, na asiingie hata siku moja.

BI SWAFIYA NA WATOTO WADOGO

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani walikwenda na ombi kwa Aga Khan, mjukuu wa yule aliyechangia Tudor. Watoto wetu, walisema, wanaachwa nyuma tangu mwanzo. Wakati huo mtoto aliyetaka nafasi katika shule nzuri alihitaji kupita nasari, na nasari nyingi zilikuwa za makanisa. Mzazi alichagua moja: dini au nasari.

Safari hii hawakujenga chuo kikubwa. Walianza chini kabisa. Mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akashika kazi ya kuanzisha nasari ndani ya madrasa zenyewe. Asubuhi mtoto anajifunza herufi, hesabu, nyimbo, michezo, na dini yake humo humo. Walimu walikuwa akina mama na wasichana wa mtaa uo huo, wengi wao hawakusoma mbali, wakafunzwa kazi na kurudiwa darasani mara kwa mara kuangaliwa na kusaidiwa. Vifaa havikununuliwa Nairobi: vifuu vya nazi, kombe za pwani, vizibo vya chupa, vitambaa. Mtoto ahesabu kwa kushika, si kwa kukariri tu. Na kila nasari ilikuwa na kamati ya wanakijiji, maana ni mali yao.

Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka wa 1990 na Uganda 1993, na nasari zikapita 200. Mwaka wa 2008 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa nchi hizo tatu. Waliopitia nasari za madrasa waliendelea zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko waliosoma nasari nyingine. Yaani mama wa mtaani, akifunzwa vizuri na akafuatiliwa, anaweza kumshinda mwenye jengo la kupendeza.

SASA NI ZAMU YETU

Elimu ya msingi bila malipo ilikuja 2003. Nasari ziliwekwa chini ya kaunti tangu 2013. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria. Milango iko wazi kuliko zamani. Lakini tazama mtoto wa mtaani kwako: asubuhi shule, jioni madrasa, na hao walimu wawili hawajawahi kuonana. Mmoja hajui mwenzake anafundisha nini. Mtoto anachoka pande zote mbili, na ustadhi anapewa alichobakisha mzazi baada ya kulipa umeme.

Vijana wenzangu, Ramadhan hii tutachanga, kama kawaida yetu. Tutanunua mazulia, tutapaka rangi, tutaweka feni. Ni mema. Lakini wazee wetu walipofaulu ni pale walipoanza na mwalimu na mtoto mdogo. Basi tutoe sehemu ya michango yetu kumpeleka ustadhi wetu mafunzoni na kumlipa mshahara wa heshima. Tuwaite yeye na mwalimu wa shule kwenye futari moja wazungumze juu ya watoto wale wale. Na wewe uliyeko chuo kikuu, rudi likizoni, keti jamvini jioni mbili kwa wiki, ufundishe hesabu.

Habib Swaleh hakuwa na feni. Alikuwa na jamvi, na mtoto ambaye hakuna aliyemtaka.

Allah atupe tawfiq, atutakabalie saumu zetu na atujaalie tuwe wenye kufundisha na wenye kufundishika. Ramadhan Karim.

Wabillahi tawfiq.