Chanjo ya Mbwa Kandokando ya Serengeti: Funzo la Mlipuko wa 1994

Mwanzoni mwa 1994, simba wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti walianza kufa wakiwa na degedege. Uchunguzi ulibaini virusi vya distempa ya mbwa. Takribani theluthi moja ya simba hao waliangamia, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara, nchini Kenya. Shaka iliwaangukia mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, hivyo kuanzia 1996 mbwa wa maeneo hayo wakachanjwa. Makala haya yanadai kwamba sera iliyochochewa na vifo vya simba ilimnufaisha zaidi binadamu, na kwamba historia hiyo inapaswa kuongoza mgawanyo wa gharama zake.

Ushahidi wa kwanza unahusu kichaa cha mbwa. Katika Wilaya ya Serengeti, matukio ya ugonjwa huo kwa mbwa yalipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza ya chanjo na kwa asilimia 97 baada ya ile ya pili. Idadi ya watu walioumwa na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa nayo ilishuka.

Kwa upande wa distempa, mafanikio yalikuwa nusu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa chanjo ilipunguza maambukizi kwa mbwa, lakini virusi viliendelea kuwafikia simba. Wanyamapori wengine nao walishiriki kuvieneza. Aidha, sampuli za damu za miaka ya nyuma zilithibitisha kuwa virusi hivyo viliwahi kupita miongoni mwa simba bila kusababisha vifo. Kilichoutofautisha mwaka 1994 ni ukame uliotangulia: nyati walidhoofika na kujaa kupe, na simba waliowala wakapata vimelea vya damu vilivyozidisha makali ya distempa.

Kwa hiyo, kuchanja mbwa kwa jina la simba pekee ni kujenga sera juu ya msingi mwembamba. Simba wasipoonesha nafuu, wafadhili wa uhifadhi wanaweza kujiondoa, na watoto wa vijijini ndio watakaobaki hatarini. Inafaa chanjo hiyo igharimiwe pia na bajeti za afya ya jamii, na ratiba zake zioanishwe kati ya Tanzania na Kenya, kwani virusi havitambui mpaka.