Injini gani inafaa Datsun 240Z? Mambo ya kujua kabla hujanunua injini na giaboksi

Datsun 240Z ni gari lenye jina Afrika Mashariki. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Leo wapo wanaolinunua likiwa bodi tupu, na swali la kwanza ni lile lile: ndani tuweke nini?

Wengi wanakosea hapa. Wanaona injini ya bei nzuri gereji, wanalipa, halafu wanagundua haikai vizuri, giaboksi haiendani na difu inalia. Pesa imeenda, gari liko juu ya mawe.

Haya ndiyo ya kuangalia.

Anza na bodi, siyo injini

Gari hili kwa asili lina uzito wa takriban kilo 1,050 tu. Adui yake mkubwa ni kutu. Piga tochi chini ya trei ya betri, kwenye sakafu na kwenye reli mbili za chasisi zinazopita chini ya viti. Kama reli zimeliwa, injini yenye nguvu itazikunja. Chomelea kwanza, injini baadaye.

Pia jiulize gari litafanya kazi gani. La kutokea Jumapili, la safari ndefu, au la mashindano? Kama ni mashindano ya magari ya zamani, soma kanuni zake mapema, kwa sababu mengi hayaruhusu injini ya kampuni nyingine.

1. Kubaki na injini yake: L24

Hii ndiyo iliyotoka nayo kiwandani: silinda 6 za mstari mmoja, sisi 2,393, kabureta mbili, na nguvu ya farasi 151 kwa kipimo cha zamani cha Marekani.

Faida yake ni thamani. Kibati kilichomo kwenye chumba cha injini kimeandikwa namba ya injini. Ikilingana na iliyopigwa kwenye bloku, gari linauzika kwa bei ya juu zaidi. Kama yako inalingana, usiitupe hata ukiamua kuweka nyingine. Ipake mafuta, ifunike, itunze.

2. L28: njia rahisi

Ni ndugu wa damu wa L24, ila ina sisi 2,753. Ilitumika kwenye Datsun 280Z na 280ZX, na pia kwenye baadhi ya Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980. Inakaa kwenye maunti zile zile na inaungana na giaboksi ile ile. Ukiitoa kwenye Patrol, linganisha sampu yake na ya kwako kabla hujaifunga.

Kwa mtu anayetaka gari la kuendesha bila kukata chuma, hii ndiyo chaguo la kwanza. Siku ukitaka kurudisha L24, unarudisha bila kuacha alama.

3. RB25: Nissan ya kisasa zaidi

RB25DET ya Skyline R33 ina turbo na nguvu ya farasi 250. Bado ni silinda 6 za mstari, kwa hiyo sura ya chumba cha injini haipotei sana. Lakini inahitaji maunti mapya, waya mpya na propela ya kukatwa.

Kuwa makini na RB26 ya Skyline GT-R. Ile ilitengenezwa kwa gari la kuvuta magurudumu manne, na sampu yake imeungana na difu ya mbele. Kuiweka kwenye gari la kuvuta nyuma ni gharama juu ya gharama.

4. 1JZ na 2JZ: mafundi wanazijua

Hizi ndizo zilizokuja kwenye Mark II na Crown nyingi. 2JZ-GE isiyo na turbo ina sisi 2,997 na nguvu karibu farasi 220. Kwenye gari la kilo 1,050 hiyo si nguvu ya kuchezea.

Uzuri wake mkubwa ni vipuri na mafundi. Ubaya wake: waliokuja kulitafuta gari la Datsun watafungua boneti wakute Toyota. Kwa mnunuzi fulani hiyo ni kasoro kubwa.

5. V8 ya LS

Wamarekani wanaipenda. LS1 ya Corvette ina lita 5.7, na kwa kuwa bloku lake ni la alumini, uzito wake hauko mbali sana na wa injini ya chuma ya Datsun. Ila kwa huku kwetu, fikiria kwanza siku utakapohitaji kipuri.

Giaboksi: nunua pamoja na injini

Kosa la kawaida ni kununua injini leo na giaboksi mwezi ujao. Nunua vyote kwa pamoja, pamoja na klachi, flaiwili, waya, sensa zote na kontrol boksi. Kebo moja inayokosekana inaweza kulaza gari wiki nzima.

Kwa L24 na L28, giaboksi ya gia 5 ya 280ZX inatosha. Kwa JZ isiyo na turbo, W58 ya gia 5 inafaa. Ukiweka turbo, nenda R154. JZ nyingi huja na giaboksi ya otomatiki. Hiyo nayo inafanya kazi, ila raha ya gari la michezo inapungua.

Angalia pia mkono wa gia unatokea wapi. Ukitokea mbali na tundu lake, utakata sakafu. Na kumbuka spidomita ya zamani inatumia kebo, wakati giaboksi nyingi mpya zinatoa ishara ya umeme.

Piga hesabu ya difu

Chukua tairi la 195/70 R14. Ukienda kilomita 100 kwa saa, linazunguka takriban mara 844 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, kisha kwa uwiano wa gia.

Difu ya 3.9 na gia ya nne ya 1.00: injini inazunguka karibu 3,290. Ukiwa na gia ya tano ya 0.75: inashuka hadi karibu 2,470. Safari ya Dar hadi Dodoma, tofauti hiyo utaisikia masikioni na kwenye mafuta.

Difu ya asili, R180, haipendi nguvu nyingi. Kwa turbo au V8, tafuta R200 ya 280Z.

Usisahau haya

• Breki: nyuma ni ngoma. Ukiongeza nguvu, ongeza breki kabla ya kuwasha turbo.

• Mafuta: pampu ya kabureta haina presha ya kulisha injini ya injekta. Badilisha pampu, mipira na njia ya kurudishia mafuta kwenye tangi.

• Rejeta: injini kubwa inahitaji kubwa zaidi.

• Makaratasi: namba ya injini imo kwenye usajili wa gari. Ukibadili injini, peleka taarifa TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na uieleze kampuni ya bima. Injini isiyo na risiti wala nyaraka, iache hapo hapo ilipo.

Kwa kifupi: namba zinalingana, baki na L24. Unataka kuendesha kila wiki, L28. Unataka kasi na vipuri vya karibu, 2JZ. Na vyovyote utakavyochagua, weka akiba ya waya, breki na difu pembeni kabla hujalipia injini.